Kilio ya Mama Masika Akiwa Muzima

Mapendo mwanangu,

Uko kwa mama wa nywele pale Majengo, na vile namujua, hatakuachilia mbele ya jua kushuka. Ule mama anaongea kuliko mimi, na kila mara mudomo yake inatembea, mikono inasimama. Muzuri, nimepata saa mbili tatu zangu. Nimekamata kayé yako ya zamani, ile ya jiografia, naandika ku kurasa za nyuma zenye haukugusaka. Usicheke maandiko yangu. Niliishia mwaka ya ine ya primeri, na mwalimu mwenyewe alikuwa anakimbia vita mara mbili kwa mwaka.

Mambo ya njia tumeshaimaliza: pulovere ya baridi ya Butembo, chakula ya ku basi, kutoshuka ovyo ku bariere. Sirudilie. Nakuandikia juu ya kitu moya tu. Kesho unapanda basi, unaenda kulala kwa Mama Masika miaka yote ya masomo yako ya kuuguza bagonjwa. Wewe unamujua sawa vile mama mudogo yako, mutu mwenye alikupokea mu mikono siku unazaliwa. Yeye anakujua sawa vile mutoto wa tumbo yake. Lakini kuko kitu nilimufanyia mbele wewe uzaliwe. Wewe haukijui, na yeye hakukijua mpaka juzi. Lazima ukijue mbele ya kupanda, juu pengine ukisha kusoma utasema hauendi. Nitakubali.

Utajiuliza juu ya nini sikuambii na mudomo, mimi mwenye nasalimiaka hata mbuzi ya batu. Ni juu ya ile mudomo njo naandika. Ikianza habari inaitia chumvi, hata mimi siioni ikitia. Mukono yangu iko pole, inatoa herufi moya moya sawa vile mugonjwa anakunywa uji. Haina nguvu ya kuongeza.

Nianzie mbali kidogo, juu bila kujua namna hii muji ilikomaa, hautaelewa namna mutu anaweza kupoteza parseli yake, kiwanja yake ya kujenga, juu ya neno ya jirani.

Nilifika Goma nikiwa kabinti, na mama yangu, kwa miguu, tukitoka Masisi. Kule kulikuwa kumeanza kuungua. Mama alibeba sufuria na mbao mbili. Nikamuuliza, mama, mbao mbili ni za nini? Akasema, "Za mulango. Nyumba itakuja nyuma." Mutaa ya Majengo wakati ule ilikuwa mashamba ya maharagi kati ya majiwe meusi, nyumba moya huku, ingine kule, ukitaka kuomba moto kwa jirani, ulitembea mpaka hamu ya kupika inaisha. Kisha balikuja ba Rutshuru, ba Walikale, bafanyabiashara ba Butembo na ba Beni na magunia yao, kila mutu na mbao zake. Hapa kwetu batu banajengaka na mbao haiko juu ya umaskini tu. Nyumba ya mbao unaibomoa asubuhi, unaifunga ku chukudu, ile baiskeli ya mbao, vijana bawili banasukuma, na jioni umelala kartié ingine, mutaa ingine, na mulango yako ile ile.

Kisha bakimbizi ba Rwanda balivuka mupaka. Wewe ulisoma hiyo ku masomo. Mimi nilikuwa ku njia na beseni ya mandazi ku kichwa. Asubuhi moya nilitoka kuuza sawa vile siku yote, nikakuta njia ya Kibati haionekane tena, ni batu tu. Na balikuwa banatembea bila kuongea. Mimi mutu wa kuongea, njo kitu ilinitisha: batu bengi vile na hakuna kelele, ni miguu tu, na sufuria zinagongana. Nilimaliza beseni mbele hata jua ipande, nikafurahi, nikarudi mbio kukaanga ingine. Nakuambia ukweli, nilifurahi. Siku kidogo tu, kolera ikaingia, nikaacha kufurahi. Hapa chini ni jiwe, haichimbiki. Benye kufa balilazwa ku kando ya njia, bamefunikwa na mikeka, banangoja makamyo ije kubabeba, na familia mingi hazikujua mutu wao alizikwa wapi.

Ile wakati njo batu bengi balizoea kufanya kilio bila maiti. Unakaa chini siku tatu, majirani banaleta mikeka na chakula, jina ya mutu inatajwa, banalia. Kisha hapo mutu amekufa kabisa, hata kama hakuna kaburi. Kilio njo ilikuwa karatasi yetu ya kifo. Mutu akisema "nilikaa ku kilio yake," hakuna mwenye anauliza ingine.

Vita ya kwanza ikaja, na vita ingine juu ya ile, na ingine. Sitakutajia moya moya, zinanichanganya mimi mwenyewe. Mimi nahesabu kwa bashefu: kila vita ilikuja na shefu yake, na kila shefu na tampon yake mupya ya kupiga ku karatasi. Na kila mara bunduki ikilia kule ku milima, hapa kartié moya inazaliwa. Kwanza mashitingi ya plastiki, kisha mbao, kisha mabati, kisha kanisa, kisha mama wa mandazi. Nilikuwa nafika wa tano. Nikajikaza, nikaanza kufika wa tatu.

Hivyo njo nilijua hii muji, mulango ku mulango. Nilijua nani alibadilisha bwana mbele ya kubadilisha mabati. Nilijua papa gani anasali kwa sauti ili jirani asisikie batoto banalia njaa. Ku avenyu yetu nilijua kila nyumba inatazama wapi, na kila muti wa parachichi uko upande wa nani. Batu balisema Mama Mandazi ni mudomo. Ni kweli. Lakini volkano iliporuka, ile mudomo ikakuwa kazi ya leta, ya serikali.

Siku ya volkano, mimi na papa yako tulikimbilia Gisenyi, ngambo ya Rwanda, na beseni na godoro. Tulirudi mbele leta ituruhusu, sawa vile batu bote. Avenyu haikuwako. Nyumba za mbao zilikuwa zimeungua zote, za tofali zimemezwa, kulibakia kona ya ukuta hapa, kipande ya bati kule, na juu yake jiwe nyeusi inatoa moshi. Viatu vya papa yako viliyeyuka chini. Vijana bakanitania: "Mama Mandazi, weka karai hapa, kuko moto ya bure!" Tukacheka. Usishangae. Tulikuwa tumesimama juu ya nyumba zetu na tulicheka.

Shefu wa avenyu alikuwa muzee mumoya wa haki. Karatasi zake zote ziliungua. Akaleta kamba na vijiti, akasema atarudishia kila mutu parseli yake kwa ushuhuda ya majirani. Unasimama juu ya jiwe, unasema: mimi nilikuwa hapa, kushoto yangu fulani, kuume yangu fulani. Majirani bakikubali, kijiti inasimamishwa na majiwe pembeni, juu hakuna fasi ya kuipigilia. Siku ya kwanza balipigana mpaka giza. Kila parseli ilikuwa imenenepa chini ya volkano.

Siku ya pili shefu akasema, "Muniitie Mama Mandazi."

Nilivaa kitenge yangu ya kanisa. Nikasimama juu ya jiwe, nikafunga macho kidogo sawa vile nina beseni ku kichwa, nikaanza kutembea. "Hapa kulikuwa robine ya maji. Toka robine hatua kumi na mbili, mulango ya fundi wa viatu. Nyuma yake mama wa mapacha, choo yake inagusa ua ya mwalimu." Shefu anaandika, vijana banavuta kamba, majirani banasema, "Ni kweli, ni kweli." Hata benye balipigana jana balinyamaza. Mimi wa primeri ya ine, natembea mbele, na avenyu inasimama nyuma yangu. Mapendo, sijawahi kuwa mutu mukubwa vile, mbele ya hapo wala nyuma.

Njo tukafika kwa Mama Masika.

Alikuwa mujane wa kwao Butembo, anauza maharagi, na mutoto wake mumoya tu, Masika, ule mwenye leo ana batoto bake. Parseli yake ilikuwa ya tatu toka kwetu. Tulikuwa barafiki wa kawaida: yeye ananunua mandazi, mimi nanunua maharagi, kati kati tunateta batu. Siku ya volkano yeye alikimbilia upande wa Sake. Hatukuonana tena. Siku moya mbele ya ile kazi ya kamba, nilikuwa Kituku nachota maji ku ziwa, mama mumoya nisiyemujua jina akaniambia:

"Ule mama wa maharagi wa kwenu, nasikia alikufa ku njia ya Sake."

"Nani alisema?"

"Banasema. Alianguka na muzigo."

"Yesu! Na mutoto?"

"Mutoto, sijui."

Habari yote njo hiyo. Bidoni yangu haikuwa hata imejaa.

Sasa shefu akauliza, "Hapa, nani?"

"Hapa Mama Masika, mujane. Lakini alikufa."

Akainua kichwa. "Ulimuona?"

"Nasikia..."

"Mama Mandazi, siandikaka 'nasikia.' Kama ni muzima, naweka kijiti yake, tutamungoja."

Batu bote balikuwa bananiangalia. Asubuhi muzima nilikuwa mutu mwenye anajua. Kusema sijui ilikuwa neno moya tu, ndogo, na kijiti ingesimama pale, na mutu angekuta fasi yake. Sikuweza. Nikasema:

"Shefu, nilikaa ku kilio yake."

"Wapi?"

"Kwa mujomba wake, Sake. Siku tatu."

Mama mumoya nyuma akauliza, "Balipika nini?"

"Wali na maharagi."

"Masikini, maharagi yake mwenyewe," akasema, akaanza kulia. Na mimi nikalia naye, machozi ya kweli kabisa. Na kisha, sikiliza namna avenyu yetu iko. Jirani mumoya akasema, "Hata mimi nilituma unga." Mwingine, "Mukeka ulitoka kwangu." Hakuna mwenye alitaka kuonekana ati hakujua, ati hakufika. Ile kilio haikuwako, lakini mu dakika tano ilijaa batu. Shefu akaandika: majirani balikaa ku kilio. Juma yenye ilifuata, ile parseli akaipatia familia moya ya Rutshuru yenye ilikuwa inalala chini ya shitingi na batoto batano. Ni Papa Janvier, papa wa rafiki yako Solange. Ile nyumba ya mulango ya rangi ya bleu, penye umekula mara mingi kuliko hapa kwetu, njo parseli ya Mama Masika.

Papa Janvier hakujua kitu, alikuja kisha. Na mimi sikupewa kitu, sikuomba kitu. Pengine ungenielewa muzuri kama ningekula hongo. Mutu wa hongo alau anajua alitaka nini. Mimi nilitaka tu kubakia mwenye anajua mpaka mwisho ya avenyu.

Mvua ilikuwa imeanza tena wakati Mama Masika alirudi. Godoro ku kichwa, Masika ku mukono. Mutu wa kwanza alikuta ku kona ni mimi.

"Mama Mandazi! Mbona unaniangalia sawa vile muzimu?"

"Mama Masika... balisema ulikufa."

"Mimi? Nilikuwa Butembo nauguza mama yangu! Nani alisema?"

"Batu."

"Batu bako na majina."

"Volkano ilivuruga habari zote, mama. Kuja ukae, umechoka."

Akauliza nyumba ya pili, bakasema: batu. Nyumba ya tatu, batu. Mwenye alituma unga alikuwa anasonga fufu, hakuinua hata macho. Tukaenda kwa shefu, na mimi niko nabeba kifuko yake. Lakini shefu wetu alikuwa amehamia kwa batoto bake, mbali, shefu mupya alifungua kayé, akasoma, "Majirani balikaa ku kilio."

"Majirani gani?" Mama Masika akauliza.

"Mama, mu Goma kila mutu ni jirani."

Nilikuwa nimesimama karibu naye, bega ku bega. Hapo pia ilikuwa neno moya tu.

Akaenda yeye peke yake kwa Papa Janvier, batu bakafuata juu ya kuona vita. Akakuta mama ya Solange anaogesha mutoto mudogo mu beseni, na kuta za nyumba bado hazijafika juu. Akaangalia batoto, mumoya mumoya. Akasema, "Hawa nao balikimbia. Nibapeleke wapi?" Akarudi kwetu. Hakulia mbele ya batu.

Akakaa kwetu miezi tatu, yeye na Masika, ku mukeka karibu na yangu. Nilikuwa na mimba yako. Asubuhi moya bunduki zilianza kulia upande wa uwanja wa ndege, na wewe njo uliona ni wakati wa kutoka. Hakuna mwenye angeweza kufika ku maternité. Mama Masika akafunga mulango na meza, akanipigia kelele sawa vile ng'ombe: "Sukuma, Mama Mandazi! Leo nyamaza, sukuma!" Akakukata kitovu na wembe mupya ya ndevu ya papa yako. Njo yeye alisema uitwe Mapendo. Mimi nilikuwa nakubali kila kitu anasema, ile mwaka muzima.

Kisha akarudi Butembo, akaanza na vitenge viwili vitatu, leo ana nyumba ya tofali na chumba ya bageni. Ungesema, basi, ilimalizika muzuri. Mimi pia nilisema hivyo. Papa yako alijua, juu mimi siwezi kumuficha kitu; aliniambia mara moya, "Mwambie," hakurudilia tena. Lakini kila mara Mama Masika akikuja kututembelea, tukipita mbele ya mulango ya bleu, anasimama kidogo, anasema, "Hapa nilikuwa na muti wa parachichi." Na mimi namujibu, "Ndiyo, upande wa kushoto." Namujibu mbio, sawa vile mutu mwema.

Mapendo, hapa kwetu kosa inapata fasi mingi ya kujificha. Vita ilichukua, volkano ilichukua, leta ilichukua. Hizo zote ni kweli, zilichukua mingi. Lakini kila kitu yenye ilipotea hapa, mutu anaweza kuibebesha kitu ingine kubwa kuliko yeye, na hakuna mwenye atapima. Nimekaa nyuma ya volkano tangu wewe haujazaliwa, na hakuna mutu alinitafuta pale. Volkano ilichukua nyumba ya Mama Masika. Parseli, ilichukuliwa na mimi.

Ningekufa nayo. Lakini ulipomaliza sekondari, na ku muji huku mambo yakakuwa magumu vile unaona, nilimupigia simu juu ya shule ya Butembo. Hakuacha nimalize. "Mutoto alale wapi ingine? Haiko mimi nilimutoa mu tumbo yako?" Nikaweka simu chini. Niliona unalala ku nyumba yake, unakula sahani yake, unamuita mama, na hii habari iko chini ya kitanda yako, na wewe haujui. Mimi nimezoea kulala juu yake. Wewe, hapana.

Juzi nikaenda Kituku, juu hapa nyumbani kuta ni mbao, zinasikia. Nikakaa mbali na bamama benye kuuza samaki ya sambaza, nikamupigia.

"Mama Masika, ile kilio yako."

"Kilio gani?"

"Yenye shefu aliandika. Mwenye alianza kusema alikaa ku kilio, ni mimi."

"Rudilia," akasema.

"Ni mimi. Sikuona kilio. Nilisikia neno ku maji, nikaongeza. Benye kufuata balifuata mimi."

"Nilikufia wapi?"

"Nilisema kilio ilikuwa kwa mujomba wako, Sake."

"Sina mujomba Sake."

"Najua."

"Na balipika nini?"

"Wali na maharagi."

"Nyama?"

"Sikusema nyama."

"Mama Mandazi. Ulinizika bila nyama."

Nikafikiri anacheka. Nikaanza kucheka mimi wa kwanza, unajua namna niko. Yeye hakuwa anacheka. Akangoja nimalize. Kisha akasema, "Masika alikuwa ananiuliza kila jioni ku mukeka yako, mama, tutarudi kwetu lini? Na wewe ulikuwa unasikia." Akakata.

Nilikuwa nasikia, ndiyo. Nilikuwa nageukia ukuta.

Siku mbili hakupokea simu. Nilikuwa nakunja nguo zako, natoa, nakunja tena, wewe ukafikiri ni huzuni ya mama. Leo asubuhi akatuma message. Nakuandikia vile iko: "Mutoto akuje. Kitanda iko. Wewe usikuje."

Nikamusomea papa yako. Akasema, "Ni haki." Akarudi kuranda mbao zake. Naona pia ni haki.

Sasa ni juu yako. Usipotaka kulala pale, sema tu kesho mbele ya basi, tutaona fasi ingine, hata kama ni mwaka yenye kufuata. Ukienda, enda sawa vile mutoto wake, haiko sawa vile musamaha yangu. Usioshe sahani zaidi ya wengine ukifikiri unanirudishia jina. Usinitetee. Usiniseme mubaya pia ili akupende, atakupenda bila hiyo. Masika akikuangalia vibaya siku za kwanza, muache aangalie. Alikuwa mutoto, na njo yeye alikuwa anauliza. Solange na papa yake, mambo yao ni kazi yangu. Nitaenda kubaambia kwa mudomo yangu, na papa yako atakaa karibu juu ya kunikanyaga muguu nikianza kuongeza.

Na kule batakuzunguka, juu unatoka Goma. Batakuuliza nani alikufa, nani alikimbia, nani anakaa ku nyumba ya nani. Ni tamu, mwanangu. Batu banakuvutia kiti, bananyamaza, banakungoja. Utajua mambo mingi ya kweli, na utasema, na itakuwa muzuri. Kisha kutakuja swali moya yenye haujui, na bote bangali banakungoja. Mimi nilianguka hapo.

Tangu miaka yote tulikuwa tunaongea na Mama Masika kila Siku ya Mungu kisha misa, yeye ananipa habari za Butembo, mimi za huku, mpaka simu inapata moto. Siku ya Mungu yenye kuja, sijui nitafanya nini na mudomo yangu.

Akikuuliza habari yangu, mwambie: yuko, anauza, mugongo inamuuma kidogo. Asipouliza, nyamaza.

Mama yako